Bando la laptopu linakwenda wapi? Jibu kwa mwalimu wa Luanda

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya upili karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga, Kenya. Ana laptopu ya mtumba yenye Windows 10 na simu ya Android ya laini mbili. Akiwasha hotspoti, yaani simu igawie laptopu intaneti yake kwa Wi-Fi, ili ajaze fomu za TPAD (za tathmini ya utendaji kazi wa walimu) na kutayarisha masomo, GB 1 humalizika kabla ya saa moja, ilhali bando la kiasi hicho likitumika kwenye simu pekee humtosha siku mbili tatu. Anaongeza kwamba simu huchemka, kwamba akipigiwa intaneti hukatika, na kwamba kuna siku laptopu haioni hotspoti kabisa. Mwenzake shuleni amemshauri anunue modemu, naye anauliza kama hiyo ndiyo dawa.

Mwalimu, nianze na modemu kwa sababu ndiyo itakayokutoa pesa mfukoni: usiinunue kwa sasa. Modemu ni njia tu ya kuifikisha data kwenye laptopu, kama simu ilivyo, na kinachomaliza bando lako hakimo katika njia hiyo. Kimo ndani ya laptopu yenyewe. Ukinunua modemu leo bila kubadilisha kitu kingine chochote, GB 1 itaisha kwa kasi ileile, au hata kwa kasi zaidi ikiwa modemu hiyo inashika mtandao vizuri kuliko simu yako.

Tofauti kati ya simu na laptopu ni kwamba waliotengeneza programu za simu walijua tangu mwanzo kwamba mtumiaji hulipia kila MB. Ndiyo maana simu yako haisasishi programu zake ovyo ukiwa kwenye data, kwa kawaida husubiri Wi-Fi. Picha nazo, mara nyingi, hazipandishwi kwenye hifadhi ya mtandaoni mpaka Wi-Fi ipatikane. Windows, kwa upande wake, hudhani kwamba penye Wi-Fi pana waya ukutani na bili ya mwezi mzima iliyokwisha kulipwa. Ukiwasha hotspoti, laptopu haioni simu wala bando; inaona Wi-Fi, na inafurahi. Kazi zote ilizokuwa imeziahirisha zinaanza papo hapo bila kukuuliza: masasisho ya Windows, masasisho ya Office, programu za duka la Microsoft, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inayopandisha nyaraka zako, orodha mpya ya virusi, na kivinjari kinachojisasisha chenyewe. Ni kama mgeni aliyeketi mezani bila kujua kwamba unga uliosongwa ndio uliobaki nyumbani.

Jambo moja ambalo watu wachache hulijua ni kwamba simu ya Android hujaribu kutoa tahadhari. Kifaa kinapojiunga na hotspoti yake, simu hukitumia, pamoja na anwani ya mtandao, alama inayosema kwamba data hii inapimwa. Simu nyingine ya Android huielewa alama hiyo na kujizuia, na ndiyo sababu mwenzako akijiunga na hotspoti yako kwa simu yake ya Android, huenda usione bando likishuka kwa kishindo. Usitegemee Windows iitii alama hiyo. Kwake Wi-Fi mpya huchukuliwa kuwa ya bure mpaka mwenye laptopu aseme vinginevyo.

Sasa tupige hesabu kidogo, kwa kuwa walimu hawaogopi hesabu. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, na bando huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa 4G ukikupa megabiti 8 kwa sekunde, kasi ambayo si ya ajabu hata kidogo mahali penye mnara wa karibu, laptopu inaweza kuvuta MB 1 kila sekunde. Kwa mwendo huo GB 1 huisha kwa muda wa dakika 17 hivi. Kwa hiyo bando lako kumalizika kabla ya saa moja si ishara ya kuibiwa na kampuni ya simu, kama wengi wanavyoshuku. Ni ishara kwamba kuna kitu kinachopakua nyuma ya pazia huku wewe ukijaza TPAD kwa utulivu. Fomu yenyewe haina hatia. Hata tukichukulia kwamba kila ukurasa unaoufungua una uzito wa MB 2, ambao ni uzito wa kutosha kwa ukurasa wa fomu, GB 1 ingekutosha kufungua kurasa 500.

Kabla ya kubadilisha chochote, mtafute mlaji. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya "Network & Internet", kisha utafute maneno "Data usage". Katika matoleo ya mwisho ya Windows 10 kitufe hicho kiko kwenye ukurasa wa kwanza wa sehemu hiyo, uitwao "Status", karibu na jina la mtandao uliojiunga nao. Utaonyeshwa orodha ya programu zote zilizotumia data katika siku 30 zilizopita, kila moja na idadi yake ya MB au GB, kuanzia iliyokula zaidi. Usishangae ukiona jina "System" likiwa juu pamoja na kivinjari chako, na huku OneDrive, ambayo pengine hukumbuki kuiwasha, ikifuata nyuma. Nakushauri uinakili orodha hiyo kwenye karatasi, kwa sababu baada ya wiki mbili utataka kulinganisha.

Ukishaiona, iambie laptopu ukweli. Jiunge na hotspoti yako kama kawaida, rudi kwenye "Network & Internet", bonyeza Wi-Fi, kisha jina la hotspoti yako, halafu teremka mpaka uone swichi iliyoandikwa "Set as metered connection", yaani mtandao ambao data yake inapimwa. Iwashe. Ni hayo tu, na kwa maoni yangu hakuna kitendo kingine katika laptopu ya mtu anayetumia bando chenye faida kubwa kwa juhudi ndogo hivyo. Kuanzia hapo Windows huacha kupakua masasisho yake makubwa kupitia mtandao huo, isipokuwa machache inayoyaona kuwa ya lazima. Duka la Microsoft huacha kusasisha programu. Na OneDrive husimama na kukuarifu kwamba imesimama. Katika ukurasa uleule wa matumizi ya data unaweza pia kuweka kikomo, kwa mfano MB 800, na Windows itakuonya unapokikaribia.

Swichi hiyo ina mipaka yake, na ni vyema uijue. Haizuii video unayoifungua mwenyewe. Programu za kampuni nyingine, kama ile ya Google Drive inayosawazisha mafaili ya kompyuta, au kinga ya virusi uliyonunua mahali pengine, si lazima ziitii. Hizo uzisimamishe kwa mkono kwa kubonyeza ikoni zake ndogo zilizo karibu na saa, pembeni mwa kioo. Pia swichi hiyo huhusu mtandao ule mmoja tu. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukiazima simu ya jirani, Windows itaona Wi-Fi mpya na kuanza tena karamu yake.

Hapa sitaki unielewe kwamba masasisho ni adui. Laptopu isiyosasishwa ni mlango wazi, na laptopu ya mwalimu hubeba alama za wanafunzi, namba za simu za wazazi na nenosiri la TSC, tume inayowaajiri walimu. Windows 10 ina jambo lake la ziada: Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wake wa nyongeza. Kama laptopu yako inaweza kubeba Windows 11, hamia huko, lakini usithubutu kufanya hivyo kwa bando, maana ni upakuaji wa GB kadhaa. Ibebe uende nayo mahali penye Wi-Fi isiyopimwa, iwe ni shule iliyounganishwa na faiba, saiba ya kuaminika hapo mjini Luanda au Maseno, au kwa ndugu yako anayeishi Kisumu, uiunganishe na umeme, uiache ifanye kazi yake. Ukiwa tayari kwenye Windows 11, panga safari kama hiyo mara moja kwa mwezi. Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo mwisho wa wiki hiyo ndio wakati mwafaka.

Nikirudi kwenye matumizi unayoyaanzisha mwenyewe, video ndiyo inayotawala, na mengine yote ni makombo. Kwenye simu, YouTube huchagua ubora unaoendana na kioo kidogo. Kwenye laptopu huona kioo kikubwa na mtandao wenye kasi, ikapandisha ubora bila kukuuliza. Ili upate picha ya ukubwa wa jambo hili, Netflix husema kwamba video zake za ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na zile za HD hadi GB 3. Kwa hiyo ukitafuta video ya usanisinuru ya kuwaonyesha wanafunzi, bonyeza alama ya gurudumu la meno chini ya video, uchague 360p, au 480p kama kuna maandishi madogo yanayohitaji kusomeka. Zima pia ile swichi inayocheza video inayofuata yenyewe, kwa kuwa video inayocheza huku umeenda kuchukua chai hulipiwa sawa na ile unayoitazama. Mikutano ya mtandaoni ni vivyo hivyo: mkutano wa Zoom wenye picha za watu wengi unaweza kula karibu GB 1 kwa saa au zaidi, ilhali sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani chini ya MB 40 kwa saa nzima. Kama mafunzo ya walimu yanafanyika kwa Zoom na huna la kuonyesha, zima kamera yako. Kwa kufanya hivyo unapunguza data unayopandisha, lakini unaendelea kupokea picha za wenzako, kwa hiyo zima pia upokeaji wa video katika mipangilio ya mkutano pale inapowezekana.

Sasa tuje kwenye njia za kuunganisha. Ziko tatu: hotspoti ya Wi-Fi, waya wa USB, na Bluetooth. Bluetooth niipitie haraka, kwa kuwa ni ya polepole mno, megabiti mbili kwa sekunde au chini yake. Inafaa kwa barua pepe na fomu za maandishi wakati betri ya simu inakaribia kwisha, na haifai kwa mengine.

Kwa mtu anayekaa mezani na kufanya kazi kwa saa nzima, nashauri waya wa USB. Simu yako huchemka kwa sababu hotspoti huifanya ifanye kazi mbili za redio kwa wakati mmoja: inazungumza na mnara kwa upande mmoja na kurusha Wi-Fi kwa upande mwingine, na pengine umeichomeka kwenye chaja pia, kwa hiyo kuna joto la betri juu ya hayo. Ukitumia waya, redio ya Wi-Fi hupumzika, na simu hupata chaji ya taratibu kutoka kwa laptopu. Wala hakuna mtu mwingine awezaye kujiunga na data yako. Jambo la kuzingatia ni kwamba stima ikipotea, simu itakuwa inanyonya betri ya laptopu, na laptopu za mtumba nyingi huja na betri iliyochoka.

Utaratibu wake ni huu. Chomeka waya kwanza, kisha ndani ya mipangilio ya simu ufungue sehemu ya hotspoti na uwashe "USB tethering". Kabla ya waya kuchomekwa, swichi hiyo huonekana imefifia na haibonyezeki, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani simu yao haina uwezo huo. Baada ya sekunde chache Windows itatambua simu kama kadi mpya ya mtandao wa waya, na itakuuliza kama unataka kompyuta nyingine ziione yako. Kataa.

Kama swichi inaendelea kufifia hata baada ya kuchomeka, usilaumu simu wala Windows, tazama waya. Ndani ya waya kamili wa USB wa kawaida mna nyaya nne nyembamba: mbili hubeba umeme na mbili hubeba data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kandokando ya barabara, ziwe za Kondele au za stendi yoyote ile, zina zile mbili za umeme pekee, kwa hiyo huchaji vizuri kabisa na hazipitishi hata herufi moja. Chungulia ndani ya kichwa kile kipana kinachoingia kwenye laptopu. Utaona vibamba vya rangi ya dhahabu vimelala sambamba. Vikiwa viwili tu, vile vya pembeni, waya huo ni wa chaji tu. Vikiwa vinne bado si hakikisho, maana wapo wanaoweka vibamba vinne na kuunga nyaya mbili, lakini jaribio la mwisho ni rahisi: ichomeke simu kwenye laptopu na usubiri. Simu ikionyesha ujumbe wa kuchagua kati ya kuchaji na kuhamisha mafaili, waya unapitisha data. Ikionyesha alama ya chaji tu, jaribu waya mwingine, na kabla ya kulipia mpya dukani mwombe muuzaji akuachie uufanyie jaribio hilohilo mbele yake. Ule waya uliokuja na simu ndani ya boksi, kama bado unao, karibu kila mara ni waya kamili.

Kuna mtego mmoja hapa, na nimeuona ukiwapata hata mafundi. Ile swichi ya kupima uliyoiwasha kwenye Wi-Fi haihami na kwenda kwenye waya. Kwa Windows, simu iliyounganishwa kwa waya ni mtandao wa aina ya "Ethernet", na mtandao wa aina hiyo nao huhesabika kuwa wa bure, kama Wi-Fi mpya. Kwa hiyo ingia tena "Network & Internet", bonyeza "Ethernet", kisha mtandao wenyewe, uwashe swichi ileile. Isitoshe, simu kadhaa za Android hujitambulisha kwa namba mpya kila unapowasha, na Windows huweza kuiona simu uliyoitumia jana kuwa mgeni leo. Jizoeze kuitazama swichi hiyo kila unapoketi kufanya kazi. Ni kazi ya sekunde tano.

Hata hivyo sitasema waya ndio bora kila mahali. Waya una urefu wa mita moja au karibu na hapo, kwa hiyo simu italazimika kulala ulipo wewe. Katika nyumba yenye paa la mabati, na hasa ile iliyojengwa bondeni huku mawe na vilima vya Maragoli vikisimama kati yako na mnara, mahali pazuri pa kuandikia huenda pasiwe mahali pazuri pa kushika mtandao. Hapo hotspoti ina faida ya kweli: weka simu dirishani, mahali inapoona anga, na wewe ukae mita tano au nane ndani ya nyumba na laptopu yako. Tazama herufi zilizo juu ya kioo cha simu. Zikisoma 4G uko sawa. Zikisoma H au H+ umo kwenye 3G, na mambo yatakwenda taratibu lakini yatakwenda. Zikisoma E, umo kwenye 2G, usihangaike na laptopu. Sogeza simu kwanza. Hatua mbili tatu kutoka ukutani kwenda dirishani zinaweza kubadilisha herufi hiyo.

Kuhusu siku ambazo laptopu haioni hotspoti, nashuku mambo mawili au matatu. La kwanza ni masafa. Hotspoti za simu za sasa zinaweza kurusha Wi-Fi kwa masafa ya 2.4 GHz au 5 GHz, na laptopu za zamani, ambazo ndizo nyingi katika soko la mtumba, zina kadi zinazosikia 2.4 GHz pekee. Simu ikibadili kwenda 5 GHz, kwa laptopu ni kana kwamba imezimwa. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, utafute neno "band", uchague 2.4 GHz na uiache hapo. La pili ni aina ya ulinzi: kama hotspoti imewekwa WPA3, laptopu ya zamani inaweza kuiona na bado ishindwe kujiunga, kwa hiyo chagua WPA2, ambayo bado ni salama ikiwa nenosiri ni refu na si jina la shule. La tatu ni dogo lakini husumbua: simu nyingi huzima hotspoti zenyewe baada ya dakika kumi hivi bila kifaa kilichojiunga. Ukiwasha hotspoti kisha ukaenda kutafuta laptopu, utaikuta imezimika. Mpangilio huo unaweza kuuzima.

Kukatika kwa intaneti unapopigiwa kuna sababu mbili zinazofanana. Kama laini yako au simu yako haina uwezo wa kupitisha sauti juu ya 4G, simu ikiita hushuka hadi 3G au 2G ili mazungumzo yafanyike, na laptopu nayo hushuka pamoja nayo. Kwenye 2G data husimama kabisa. Tafuta katika mipangilio ya laini swichi iliyoandikwa VoLTE, uiwashe kama ipo. Sababu ya pili inawahusu watu wa laini mbili kama wewe: simu nyingi za laini mbili haziwezi kutumia redio kwa laini zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukizungumza kwa laini ya kwanza, data ya laini ya pili hunyamaza mpaka ukate. Mwalimu hupigiwa sana na wazazi, najua, hasa wiki ya kufunga shule. Kama una simu kuukuu ya 4G kabatini, hata yenye kioo kilichopasuka, iwekee laini ya data na uifanye iwe ya kazi hiyo peke yake. Hiyo ndiyo modemu niliyoipenda zaidi, na tayari umeilipia.

Kuhusu aina ya bando, nikutenganishie mawili. Bando la saa moja, ambalo huwa na GB nyingi kwa bei ndogo, ni la kupakua: unajua faili unalolitaka, unalivuta, unamaliza. Bando lisilo na tarehe ya kwisha, ambalo Safaricom ililianzisha mwaka 2019, ni la kujaza fomu na kusoma, kwa sababu kazi hizo hula data kidogo kwa muda mrefu, na ukizifanya kwa bando la saa moja utatupa sehemu kubwa yake saa itakapotimia. Mabando yanayouzwa kwa ajili ya programu moja, kama WhatsApp au YouTube, usiyategemee kwa laptopu hata kidogo. Windows haitumii programu moja, na data yote isiyo ya programu hiyo itatafuta bando jingine au itakula salio lako. Hili la salio ni muhimu pia. Bando linapoisha katikati ya upakuaji, data inaweza kuendelea kwa bei ya nje ya bando mpaka salio likauke. Kampuni yako ya simu ina njia ya kuzuia jambo hilo. Kwa Safaricom anzia kwenye menyu ya *544#, na ukikwama wapigie huduma kwa wateja wakuzimie. Mpaka uwe umethibitisha, usiache salio kubwa kwenye laini unayoitumia na laptopu.

Sasa modemu, au kile kijisanduku chenye betri kinachorusha Wi-Fi. Fanya haya niliyoeleza kwa wiki mbili, kisha ulinganishe orodha ya matumizi na ile uliyoinakili. Kama bando linadumu na simu haichemki, shauri limekwisha. Modemu itakuwa na maana endapo utagundua kwamba unahitaji intaneti kwenye laptopu kwa saa nyingi kila siku na simu yako haiwezi kukaa mahali pamoja, au kwamba walimu watatu wanne mnataka kuchangia bando moja kubwa katika chumba cha walimu. Ukifika hapo, chukua ya 4G ambayo haijafungwa kwa mtandao mmoja, ijaribu kwa laini yako mwenyewe dukani kabla ya kulipa, na siku ya kwanza ukishajiunga nayo iwashie ile swichi ya kupima kabla hujafungua ukurasa wowote, kwa kuwa kwa Windows itakuwa ni Wi-Fi nyingine mpya.